KAMBA HAMNGOJI MPISHI
Jinsi ya kupika tambi kwa kamba na kitunguu saumu

Ukimtajia mtu wa Pwani tambi, aghalabu mawazo yake humwenda kwenye tambi za sukari zilizotiwa iliki na zabibu kavu, zile za Ramadhani na Idi. Leo tupike za chumvi. Ni zile tambi ndefu tunazoziita spageti, chakula cha Waitaliano.

Nao Waitaliano si wageni kwetu. Mwaka 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini karibu na Ngomeni, na mpaka leo Malindi ina mikahawa yao. Ndugu zetu Wasomali nao hula tambi kwa mchuzi kama wengine wetu tulavyo wali, desturi iliyotokana na enzi za utawala wa Waitaliano. Kamba naye ni wa bahari yetu wenyewe. Ghuba ya Ungwana, ambako mto Tana humwaga maji yake, inasifika kwa kamba. Kwa hiyo usiniambie eti hiki ni chakula cha kizungu kisichotuhusu!

Mapishi yenyewe ni rahisi, ila yana mtego mmoja. Kamba ni ghali, na huiva kwa dakika tatu hivi. Ukizubaa kidogo tu, pesa za mzazi zimekwenda na wewe umebaki unatafuna kifutio cha penseli. Basi kila kitu kiwe tayari kabla kamba hajaguswa na moto.

MAHITAJI (watu wanne)
Spageti gramu 400
Kamba nusu kilo
Kitunguu saumu, punje 6
Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya mezani
Siagi, kijiko 1 cha mezani
Ndimu 1, pilipili kidogo, chumvi, na kitita kidogo cha dania

NAMNA YA KUPIKA
1. Mvue kamba kichwa na ganda. Mpasue mgongoni kwa ncha ya kisu, utoe ule uzi mweusi. Huo ni utumbo wake, na mara nyingi una mchanga. Muoshe, kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Kamba mwenye maji hachomeki, huchemka.
2. Katakata kitunguu saumu na dania. Kamua ndimu. Weka vyote karibu na jiko.
3. Chemsha maji lita 4 yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi. Yakitokota sana, tia spageti bila kuzivunja na ukoroge mara kwa mara. Baada ya dakika 8 hivi onja moja. Iwe laini lakini ikaze kidogo katikati.
4. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha maji hayo ukiweke kando. Usisahau!
5. Kwenye kikaango, pasha mafuta kwa moto wa wastani. Tia kitunguu saumu na pilipili, ukoroge kwa dakika moja hivi. Harufu ikinukia na rangi ikianza tu kubadilika, tia kamba, wasilaliane. Nyunyiza chumvi. Dakika moja na nusu upande huu, wageuze, dakika moja na nusu upande ule. Watoe kwenye sahani.
6. Mimina nusu kikombe ya yale maji, tia siagi, uache ichemke. Tia spageti ukoroge mpaka rojo ishike. Ikikauka, ongeza maji kidogo. Warudishe kamba, tia ndimu na dania, epua. Kula papo hapo.

Kama nyumbani kuna jiko moja tu la makaa, maliza spageti kwanza, zipake mafuta kidogo zisigandane, uzifunike, ndipo ubandike kikaango.

KWA NINI TUFANYE HIVYO?
Hapa tuwaombe ruhusa walimu wa sayansi. Kamba mbichi ni wa kijivu kwa sababu rangi yake nyekundu imefungwa na protini. Moto unapoivunja protini hiyo, wekundu hujitokeza. Protini za nyama nazo hujikunja na kukamua maji nje. Ukizidisha moto, maji yote hutoka, na hapo ndipo kamba huwa mgumu. Angalia umbo lake. Aliyeiva hupinda kama mwezi mwandamo, na aliyepitiliza hujiviringa kama pete.

Kitunguu saumu kizima hakinuki sana. Ukikikata, kimeng'enya kilichomo hukutana na kemikali nyingine, ndipo ile harufu kali huzaliwa. Lakini kikiungua huwa kichungu, na uchungu huo hauondoki hata ukitia ndimu tatu. Na yale maji ya spageti yana wanga, ambao huyashikanisha mafuta na maji yakawa rojo. Kuyamwaga yote ni kumwaga mchuzi wako.

TAHADHARI
Kamba mzuri hunuka bahari. Akinuka mkojo au akiteleza utelezi, mwache huko huko sokoni. Aliyegandishwa kwa barafu myeyushe katika maji baridi, kamwe si juani. Fauka ya hayo, waulize wageni wako kwanza. Wapo ambao kamba huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na hilo laweza kuua. Wapo pia ambao dini yao haiwaruhusu kumla. Hao wapikie minofu ya samaki kwa njia hii hii, ila katika kikaango kingine kilicho safi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi twawaunga mkono: haraka ya kamba huwa na baraka pale tu maandalizi yalipofanywa polepole. Na nyinyi wavulana mnaosema jiko ni la dada zenu, njaa haichagui msichana wala mvulana. Likizo ikifika, jaribuni. Karibuni mezani!