Mkanda wa Taimingi Ukikatika, Usikimbilie Injini ya Mtumba

Gari likizimika ghafla barabarani, kisha stata ikazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mpigo wa kukaza na kulegea, fundi mzoefu hushuku mkanda wa taimingi kabla hata hajashika spana. Silinda hazibani hewa, ndiyo maana injini inazunguka kama tupu. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa kwamba injini imekufa, atafute nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno. Katika magari mengi kinachoumia mkanda unapokatika ni valvu zilizo kwenye silinda hedi, huku kranki, konrodi na kuta za silinda zikibaki salama. Kutupa injini nzima kwa sababu ya valvu ni hasara ambayo kipimo cha saa chache kingeizuia.

Kranki huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja, na mkanda ndio unaozifungamanisha. Kwa mizunguko 3,000 ya kranki kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama pale ilipo na baadhi ya valvu hubaki zimefunguka, lakini kranki huendelea kuzunguka kwa kasi iliyokuwa nayo. Kama mbunifu wa injini aliacha nafasi ya kutosha, pistoni hupita bila kugusa kitu. Toyota 5A-FE na 3S-FE ni za kundi hilo, na kwa kawaida mkanda mpya huzirudisha kazini. Dizeli hazina nafasi hiyo: 1HZ ya Land Cruiser hubana hewa kwa uwiano unaozidi 22 kwa 1, hivyo pistoni ikifika juu karibu inagusa hedi. Subaru za EJ zenye kamshafti mbili kila upande ni mbaya zaidi, kwa kuwa valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye Probox au Ist yenye 1NZ-FE hana mkanda huu kabisa. Injini yake hutumia cheni.

Kwa hiyo swali la kwanza ni aina ya injini, na la pili ni kipimo. Mkanda mpya ukishafungwa kwa alama zake, injini izungushwe kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti ya puli ya kranki, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, asilazimishe mtu, na stata isiguswe. Ikizunguka, geji ya kompresheni ipite kila silinda. Silinda inayosoma sifuri ipandishwe pistoni hadi juu wakati valvu zote zinapaswa kufunga, kisha iingizwe hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Mluzi ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutoa imepinda. Ukisikika upande wa kichujio cha hewa, ni ya kuingiza. Hewa nyingi ikitokea mdomo wa kujazia oili, tatizo limeshuka kwenye pistoni au ringi, na hesabu inabadilika.

Wapo wanaosema kufungua hedi ni gharama isiyo na uhakika, kwamba ukijumlisha valvu, sili, gasketi na kazi ya mashine unakaribia bei ya injini iliyotumika. Kwa baadhi ya magari ni kweli. Lakini bei ya injini ya mtumba haiishii dukani. Mkanda wake una umri usiojulikana, kwa hiyo mnunuzi makini atanunua mkanda, rola na pampu ya maji vilevile. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, iwe ya TRA nchini Tanzania au ya NTSA nchini Kenya, na ikibadilika lazima kumbukumbu zirekebishwe. Zaidi ya hayo, unaacha injini unayoijua kwa injini ambayo huna rekodi ya oili yake wala ya joto ililowahi kupata.

Hoja nyingine ni ya kubana matumizi: kunyoosha valvu iliyopinda. Hilo nalipinga bila masharti. Chuma kilichopinda kimeshachoka, na kichwa cha valvu kikikatika baadaye kitadondoka ndani ya silinda na kuvunja pistoni. Valvu iliyogongwa ibadilishwe, mirija inayoiongoza ikaguliwe, uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma. Pistoni yenye alama ndogo ya mwezi mchanga inaweza kuendelea. Yenye ufa, hapana. Ukuta wa silinda ukiwa umechimbika au konrodi imepinda, hapo injini nyingine ndiyo uamuzi sahihi.

Kabla ya kufunga chochote, sababu itafutwe. Mpira huzeeka, lakini pampu ya maji iliyokwama, rola iliyokauka au oili inayovuja kutoka sili ya kamshafti itakata mkanda mpya pia. Basi kabla hujatoa malipo ya injini, mwombe fundi wako akuandikie usomaji wa kompresheni wa kila silinda na akuonyeshe kilichokata mkanda. Asiyeweza kukupa hivyo viwili hajafikia hatua ya kukushauri ununue injini.