Nyasi Kwanza

Gogo likianguka msituni huoza, jambo tulilolizoea mno hata hatulihoji. Juu ya mji wa Palmerton, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, magogo yalilala mlimani miongo kadhaa bila kuoza. Viwanda vya zinki vilianza hapo mwaka 1898, na hadi uyeyushaji ulipokoma mwaka 1980 vilikuwa vikitoa salfa dioksaidi pamoja na vumbi la zinki, kadimi na risasi. Moshi uliua miti, na madini yakawaua hata bakteria na kuvu wanaokula mbao. Kisha mvua ikasomba udongo uliobaki uchi, na zaidi ya ekari 2,000 za msitu zikawa mawe na visiki. Mwaka 1983 serikali ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya sehemu zenye sumu zinazopaswa kusafishwa kwanza.

Dawa ya mlima mkavu, wengi watasema, ni kupanda miti. Hapa ingekuwa kosa. Mibetula na mipopla, ambayo hujiotea bila kualikwa, hufyonza zinki na kuipandisha hadi majanini. Viwavi hula majani, ndege hula viwavi, na majani yanayopukutika huirejesha sumu juu ya ardhi kila mwaka. Nyasi ndefu za asili ya huko, zilizojaribiwa mwaka 2003 kwenye mteremko huo, penye pengo la Mto Lehigh, hupandisha madini kidogo sana. Mizizi yake huushika udongo, mabua yake makavu huwa mboji, na chokaa inayomwagwa pamoja nazo hupunguza asidi, hivyo madini hayayeyuki kirahisi.

Wapo wanaoona huku ni kusalimu amri: palipokuwa msitu parudi msitu. Hoja ina uzito, kwa kuwa ndege wa msituni hawana makao nyasini. Ila mbegu za miti hazijawahi kukosekana pale, upepo huzileta bure. Kilichokosekana ni udongo. Wengine wanashauri udongo wenye sumu uchimbwe wote na kuondolewa, kana kwamba mteremko ule ni uwanja wa mpira, na kana kwamba shehena hiyo haitahitaji mahali pengine pa kutupwa. Kweli, nyasi haziondoi kadimi, zinaifungia tu palepale, na anayetazama kijani kile akasema mlima umepona anajidanganya. Suala la miti lingoje siku gogo litakapoanguka pale likaanza kuoza.