Traka Haijui Iko Wapi

Je, wajua kwamba traka ya Bluetooth, kile kidude cha mviringo ambacho watu hukining'iniza kwenye funguo au kukitumbukiza ndani ya begi, haijui iko wapi? Haina GPS, haina laini ya simu, haina intaneti. Ukiifungua AirTag ya Apple, iliyoingia sokoni Aprili 2021, utakuta betri bapa ya CR2032, aina ile ile inayotumika kwenye rimoti nyingi za magari, pamoja na redio dhaifu ambayo mawimbi yake hufika makumi machache ya mita yasipozuiwa na kitu. Redio hiyo hutangaza namba ya utambulisho kila baada ya sekunde chache, basi. Kinachojua mahali ni simu ya mpita njia. Simu ya mtu usiyemjua huinasa ile namba, huchukua vipimo vya mahali ilipo yenyewe, huvifunga kwa ufunguo, kwa namna ambayo ni wewe tu unayeweza kuvifungua, kisha huvituma kwa intaneti hadi kwenye seva ya kampuni. Mwenye simu hana habari kwamba amekusaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliouchambua mfumo wa Apple mwaka 2021, walieleza jinsi ufunguo huo unavyofanya kazi hata kampuni yenyewe isiweze kusoma ulipo mzigo wako. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima.

Lakini muundo huo una gharama ambayo tangazo la dukani halikuambii. Nguvu ya traka haimo ndani ya traka. Imo katika mambo matatu ambayo mnunuzi hayamiliki: simu ya mtu mwingine iliyo karibu, intaneti iliyo wazi wakati huo, na kampuni ya mbali iliyokubali kuihudumia simu hiyo mahali hapo. Likikosekana moja, unabaki na kipande cha plastiki. Kwa kawaida hoja hii hutolewa kuhusu nchi zilizowekewa vikwazo au zinazochuja intaneti. China ni mfano mzuri: simu za Android zinazouzwa huko hazina huduma za Google, kwa hiyo traka ya mtandao wa Google haina anayeisikia katikati ya mamilioni ya simu. Korea Kusini haina vikwazo vyovyote, na bado Apple haikuwasha huduma ya kutafuta vifaa huko hadi 2025. Dai langu ni kwamba mapengo hayo hayo yapo Nakuru na katika Bonde la Ufa la kati, ingawa hakuna aliyeiwekea Kenya vikwazo, na kwamba anayesafirisha mali kutoka huku anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa.

Chukua gunia la viazi linalotoka Kuresoi. Mwenye mzigo amefukia AirTag katikati ya viazi ili afuate safari yake hadi soko la Nakuru. Kikwazo cha kwanza ni viazi vyenyewe: mawimbi ya gigahezi 2.4 hufyonzwa na maji, na kiazi kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo sauti iliyokuwa dhaifu inadhoofika zaidi kabla ya kutoka nje ya gunia. Dereva ana Tecno ya Android, utingo ana kabambe ya vitufe. Simu hizo mbili zinasafiri hatua chache kutoka kwenye traka kwa saa kadhaa na hazitoi taarifa hata moja, kwa sababu mtandao wa Apple hupokea taarifa za mahali kutoka kwa vifaa vya Apple peke yake. Lori linapita Molo, linasimama Salgaa ambako madereva wa masafa marefu hulala, linaingia mjini. Pengine ni hapo tu, kwenye foleni ya magari Kenyatta Avenue, ambapo iPhone ya mtu aliye ndani ya gari la jirani inaisikia. Mwenye mzigo anaona alama moja kwenye ramani: Nakuru. Ambacho alitaka kujua ni kilichotokea kabla ya hapo.

Mtu atasema jibu ni rahisi: Wakenya wengi wanatumia Android, basi nunua traka ya mtandao wa Google, uliozinduliwa Aprili 2024 na sasa unaitwa Find Hub, ambao hutumia simu za Android toleo la 9 na kuendelea. Ni kweli kwamba masikio yanaongezeka sana. Ila Google waliweka sharti ambalo wateja wengi hawalijui. Kwa mpangilio wa kawaida, simu hushiriki kwenye maeneo yenye watu wengi tu: mahali pa traka hapaonyeshwi kwa mwenye traka mpaka simu kadhaa ziwe zimeisikia. Nia ni njema, na naiunga mkono kwa moyo wote, maana bila sharti hilo mtu angeweza kuficha traka kwenye mkoba wa mwanamke na kujua nyumba yake ilipo kwa kutumia simu ya mwanamke huyo huyo. Hata hivyo sharti lililotungwa na watu wanaofikiria miji mikubwa linatua vibaya Solai au Kuresoi, ambako simu mbili kwenye njia ya shamba ndizo umati wote wa asubuhi hiyo.

Vikwazo navyo vimeshatufikia, ila vimepitia dukani. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zinazozuiwa kununua teknolojia ya Kimarekani, na simu mpya za Huawei zilizotoka baada ya hapo zikaja bila huduma za Google. Mkazi wa Njoro aliyenunua moja ya simu hizo hakuhusika hata kidogo na ugomvi wa Washington na Beijing. Lakini traka ya Google ikipita mbele ya nyumba yake, simu hiyo haiwezi kuipeleka taarifa yake popote. Hii ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba vikwazo ni habari za Tehran na Pyongyang peke yake. Teknolojia inayotegemea simu za umma hubeba siasa za kila simu iliyomo mfukoni mwa umma huo.

Kuhusu kuzimwa kwa intaneti, njia kuu ya Mombasa hadi Malaba inapita katikati ya Nakuru, na mizigo yake mingi inaishia nje ya Kenya. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 usiku wa kuamkia uchaguzi, ikairudisha baada ya siku kama tano. Tanzania ilifanya vivyo hivyo siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Shehena iliyovuka mpaka siku kama hizo inaweza kuzungukwa na simu mia na isisikike nyumbani. Sisi wenyewe hatuko salama kabisa. Tarehe 25 Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yakiwa yamepamba moto, intaneti ilidorora nchini kote, siku moja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haikuwa na nia ya kuizima; kampuni za simu zilieleza kwamba ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Kwa mwenye gunia sababu haibadilishi kitu. Kinachobadilisha kitu ni sheria, na ndiyo maana amri ya muda ya Mahakama Kuu ya Mei 2025, iliyokataza intaneti kuzimwa wakati kesi ya mashirika ya kiraia ikiendelea, inamhusu mkulima sawa na inavyomhusu mwandamanaji.

Kuna pingamizi zito zaidi: traka hizi ziliundwa kutafuta funguo nyumbani, si kufuata malori, na anayetaka kufuata lori atumie kifaa cha GPS chenye laini ya simu. Nakubali nusu. Kwa funguo zilizopotea ndani ya nyumba, traka haihitaji intaneti: simu yako na kidude vinazungumza moja kwa moja, kinalia, unakifuata, hata nchi ikiwa imefungiwa mitandao yote. Na kweli vifaa vya GPS vina faida ambayo sisikii ikisemwa na wauzaji: vingi hujibu kwa meseji ya kawaida. Unakitumia ujumbe, kinakurudishia namba za mahali kilipo. Meseji hupita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo intaneti ikizimwa peke yake, bado unapata jibu. Mfumo wa kufuatilia shehena za forodha ulioanza 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda nao umejengwa juu ya lakiri za kielektroniki zenye GPS na laini, si juu ya hisani ya wapita njia. Nusu nisiyoikubali ni ya bei. Kifaa cha GPS kinahitaji laini, salio na betri ya kuchajiwa au waya wa gari. Mwenye magunia kumi ndani ya lori la mtu mwingine hana waya wa kuunganisha. Kwake traka ya betri inayodumu takriban mwaka mzima ndiyo kitu pekee kilicho karibu na uwezo wake, na kumwambia anunue kingine ni kumfungia mlango.

Kwa mkulima huyo lipo jambo moja ambalo halingoji kampuni wala serikali. Ule mpangilio wa Google wa maeneo yenye watu wengi unaweza kubadilishwa na mwenye simu mwenyewe kuwa maeneo yote, ndani ya mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kwenye Find Hub. Simu moja ikibadilishwa haisaidii sana. Lakini chama cha ushirika cha wakulima wa viazi kikikubaliana na madereva wanaobeba mizigo yao, wote wakabadilisha kwa hiari na kwa kuelewa wanachokubali, simu ya dereva iliyokuwa bubu kutoka Kuresoi hadi Molo itaanza kutoa taarifa ya gunia lenye traka ya mtandao wa Google, kila mahali njiani penye bando na mtandao.