Mfukoni mwa mzamiaji: Kila kifaa kina namba yake

KWENYE soka kipa akisahau glovu chumbani, mtunza vifaa anakimbia kuzifuata na mechi inasubiri dakika mbili. Chini ya maji hakuna mtunza vifaa wala refa wa kupuliza filimbi. Ulichoingia nacho ndicho ulichonacho, na kama hujui kilipo, ni sawa na kukiacha nyumbani.

Ndiyo maana wazamiaji wa maji baridi wana mada moja isiyoisha: mifuko. Na hapa hatuzungumzii wale wa kuzamia meli kwenda Ulaya, bali watu wa mitungi ya hewa mgongoni na mapezi miguuni. Jamaa hawa wanaweza kubishana jioni nzima kifaa gani kikae mfuko wa kulia na kipi wa kushoto, kama mashabiki wa Simba na Yanga wanavyobishana nani aanze na nani akae benchi.

Ukiwatazama kwa mbali unaweza kucheka. Ukijua kinachoendelea kule chini, hucheki.

SUTI ISIYOINGIZA MAJI

Tuanze na nguo yenyewe. Anayezamia Mafia au Pemba anavaa suti nyepesi ya mpira inayobana mwili, kwa sababu maji yetu ni ya vuguvugu. Maji kidogo yanaingia ndani, mwili unayapasha joto, maisha yanaendelea.

Sasa nenda Iceland, kwenye ufa wa Silfra ndani ya hifadhi ya Thingvellir. Ufa huo uko kati ya mabamba mawili ya dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia. Maji yake ni meupe kiasi cha kuona zaidi ya mita 100 mbele, lakini joto lake ni nyuzi 2 hadi 4 tu mwaka mzima. Maji yanapokonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ukiingia pale na suti ya Mafia, utatoka unatetemeka kama umepigwa na malaria.

Hapo inakuja suti kavu. Hii haibani mwili. Imefungwa shingoni na mikononi kwa mpira laini, zipu yake haipitishi maji, na ndani yake unavaa nguo nzito za joto. Kifuani kuna kitufe cha kuingiza hewa, na kwenye mkono wa kushoto, karibu na bega, kuna tundu la kuitoa.

Hewa hiyo si mapambo. Ukifika kina cha mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na suti inaanza kukufinya. Unaongeza hewa ukishuka, unaitoa ukipanda. Kwa maneno mengine, mkono mmoja una kazi muda wote.

Mikono yenyewe sasa. Imevaa glovu nene, vidole vimepungukiwa hisia kwa baridi. Kichwani kuna kofia nzito, usoni kuna miwani inayozuia kutazama chini, kifuani kuna mikanda na mipira ya hewa. Mapaja yako huyaoni vizuri, na mifuko iko hukohuko mapajani.

Kwa hiyo unachezea vidole, kama beki anayepiga pasi ya nyuma bila kugeuka kwa sababu anajua kipa yuko wapi.

NANI ANAANZA, WAPI

Kwanza, kwa nini mapajani? Kifua kimejaa mikanda, kiuno kina mkanda wa uzito au wa mitungi, mgongo ndiyo usiseme. Paja liko wazi, na mkono ukishuka wenyewe unalikuta. Mifuko huwa miwili, kila paja mmoja, yenye kifuniko na vitundu chini vya kutoa maji.

Kikosi cha mfukoni si kikubwa. Kuna miwani ya akiba, daftari la kuandikia ndani ya maji na penseli yake, boya la kujaza hewa na kamba yake iliyozungushwa kwenye kigurudumu mfano wa bobini ya cherehani, kifaa cha akiba cha kukatia kamba, na klipu moja au mbili za vichwa viwili.

Mgawanyo unaotumika sana ni wa kutenganisha kazi. Mfuko mmoja unabeba vitu vya dharura ya kuona na kuwasiliana: miwani na daftari. Mwingine unabeba vitu vya kupanda juu: boya na bobini. Upande si hoja kubwa kama kutobadilisha. Ukishaamua boya ni la kulia, linakaa kulia leo, kesho na mwakani. Winga wa kulia humgeuzi kuwa beki wa kushoto dakika ya 89.

Vifaa vingine havitakiwi mfukoni kabisa. Kisu au kikatio cha kwanza kinakaa kiunoni au kwenye mikanda ya kifuani, pahali mikono yote miwili inafika. Tochi za akiba nazo zinakaa kwenye mikanda. Sababu ni rahisi: ukinaswa na wavu wa wavuvi, huna nafasi ya kufungua kifuniko na kupekua.

KAMBA NDANI YA MFUKO

Kosa la wageni ni kuutumia mfuko kama kiroba cha sokoni, kila kitu kinatupwa ndani. Siku ya siku mtu anavuta miwani, bobini inatoka nayo, inaanguka, kamba inafunguka na kuzunguka kwenye mapezi. Tatizo lilikuwa moja, sasa yamekuwa matatu.

Dawa yake ni kipande cha mpira unaovutika kilichofungwa ndani ya mfuko kikiwa na vitanzi. Kila kifaa kinapewa klipu yake na kitanzi chake. Ukitoa kimoja, vingine vinabaki vimeshikwa. Kifaa kikikuponyoka, kinaning'inia pajani badala ya kushuka shimoni.

Mpangilio wa juu na chini nao una maana. Unachokitumia kila safari, kama boya, kinakaa karibu na mdomo wa mfuko. Unachoomba usikihitaji, kama miwani ya akiba, kinaweza kwenda chini, mradi hakijabanwa na kitu kigumu cha kupasua kioo.

Na usijaze. Mfuko uliofura unavutana na maji, kifuniko chake hakifungi sawasawa, na mzamiaji anachoka mapema. Ukiona kifaa kimekaa safari 20 bila kazi na hakina kazi ya dharura, kiuze.

BOYA LINAVYOWEZA KUKUUA

Sehemu inayoonyesha kwa nini haya yote si maneno ya mezani ni kupandisha boya.

Ukiwa unarudi juu baharini, unatuma boya mbele ili mashua ikuone na isikupitie kichwani. Unalitoa mfukoni, unaliunganisha na bobini, unaliingizia hewa kidogo, unaliachia. Kadiri linavyopanda hewa iliyo ndani inatanuka na mvuto unaongezeka. Kamba inafunguka kwa kasi.

Kama bobini ile bado imefungwa kwenye kitanzi cha mfuko wako na kamba ikakwama, boya linakubeba wewe. Kupanda kwa kasi ndiyo adui mkubwa wa mzamiaji: mapafu yanaweza kuumia, na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inatoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Ndiyo maana bobini inafunguliwa kabisa kutoka mfukoni kabla boya halijaguswa na hewa, na ikikwama unaiachia. Boya linanunuliwa jingine.

WILD BOARS NA GIZA LA PANGONI

Wapenzi wa soka mnaikumbuka Tham Luang. Juni 23, 2018 vijana 12 wa timu ya Wild Boars ya Thailand pamoja na kocha wao msaidizi walinaswa pangoni na mafuriko. Julai 2 Waingereza wawili, Rick Stanton na John Volanthen, wakawapata wakiwa hai. Kati ya Julai 8 na 10 wote 13 wakatolewa. Katikati ya kazi hiyo, Julai 6, mwanajeshi mstaafu wa majini Saman Kunan alipoteza maisha baada ya kupeleka mitungi ya hewa.

Maji ya kule hayakuwa ya barafu kama Silfra, lakini yalikuwa tope tupu. Wazamiaji walisafiri kwa kushika kamba, macho hayana kazi. Vijana walikuwa wamechomwa dawa ya usingizi na daktari Richard Harris wa Australia, na waliowabeba walilazimika kuwaongezea sindano njiani.

Hebu fikiria: giza, mtoto wa watu mkononi, sindano inatakiwa sasa. Pale hapana nafasi ya kujiuliza, "Hivi niliiweka wapi?"

Siku ya mwisho mzamiaji Chris Jewell alipotelewa na kamba ya kuongoza njia akiwa na kijana mkononi. Alipapasa mpaka akapata waya wa umeme, akaufuata. Vidole viliwaokoa wote wawili.

MAZOEZI NI NCHI KAVU

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba mazoezi yake yanaanzia sebuleni. Unavaa suti na glovu, unafumba macho, mwenzako anataja kifaa, wewe unakitoa, unakirudisha na kukifunga. Kisha mnahamia bwawani au kwenye maji ya kina kifupi. Ukiweza kubadilisha miwani ukiwa umetulia mahali pamoja bila kupanda wala kushuka, umefuzu.

Mwenzako naye lazima ajue mifuko yako. Timu nzuri inakaguana kabla ya kuingia: nini kiko wapi, kimefungwa vipi. Siku mikono yako imekufa ganzi, yeye ndiye atakayeutia mkono mfuko wako.

Ukitoka, mifuko inamwagwa yote na kuoshwa kwa maji baridi. Chumvi inakula klipu na kuzifanya nzito kufunguka, mchanga unaua velkro ya kifuniko.

Kwetu pwani suti kavu haina kazi, lakini kanuni haibadiliki. Wanaozamia Zanzibar na Mafia wanaweza kuvaa kaptura yenye mifuko mapajani juu ya suti nyepesi, na wakapanga boya, bobini na miwani vilevile. Maji ya vuguvugu hayakugandishi vidole, ila mkondo wa Pemba ukikuchukua mbali na mashua, boya ndilo litakalokufanya uonekane. Hakikisha unajua liko mfuko gani.