Kipakatalishi cha michezo si cha kupakatwa

Na DAKTARI WETU

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana akiwaomba wazazi wake laptopu ya kuchezea michezo ya kompyuta badala ya baiskeli. Wengine huweka akiba kutokana na mishahara yao ya kwanza, na wengine huletewa na jamaa walio ng'ambo. Mashine hizi si za bei rahisi, kwani nyingi hugharimu zaidi ya Sh100,000. Inapofika nyumbani, familia nzima hukusanyika kuitazama ikitolewa kwenye katoni, na kabla ya jua kutua mwenyewe huwa ameshajitosa mchezoni.

Kwa bahati mbaya, watu wengi hutumia siku nzima kuitayarisha mashine, lakini hawatumii hata dakika tano kuutayarisha mwili utakaoitumia. Mahali pa kuchezea huwa ni kitandani au kwenye sofa. Baada ya miezi michache, mwenye laptopu hufika kwa daktari akilalamikia shingo, macho, vidole au kukosa usingizi. Aghalabu huwa amekwisha kumeza vidonge vingi vya kutuliza maumivu bila kufahamu chanzo cha taabu yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya madhara haya yaweza kuepukwa siku ile ile ya kwanza, na kwa gharama ndogo.

JOTO LA MAPAJANI

Walimu wa Kiswahili wameipa kompyuta ya aina hii jina la kipakatalishi, yaani kitu cha kupakatwa kama mtoto. Jina hilo ni tamu, lakini kwa laptopu ya michezo linapotosha.

Mchezo unapopamba moto, sehemu za ndani zinazofanya hesabu na kuchora picha zinaweza kufikia nyuzi 90 za Selsiasi. Feni huvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, kisha huisukuma nje ikiwa moto kupitia kando na nyuma. Ukiiweka mashine juu ya blanketi au godoro, matundu hayo huzibwa na joto huzidi. Ukiiweka mapajani, joto hilo hukuangukia wewe.

Akina mama waliozoea kuota jiko la makaa asubuhi za baridi wanayajua madoa yanayotokea kwenye miundi. Huanza kama mistari myekundu iliyofumana mithili ya wavu, kisha hugeuka rangi ya kahawia. Hayaletwi na moto wa kuunguza, bali na joto la wastani, la nyuzi 43 hadi 47 hivi, linalorudiwa siku baada ya siku. Laptopu huleta madoa yale yale.

Mwaka wa 2010, madaktari wa Uswisi walieleza katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 aliyepata madoa hayo kwenye paja la kushoto. Alikuwa amecheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi, laptopu ikiwa mapajani. Joto likiondolewa mapema, madoa kwa kawaida hufifia. Likiendelea kwa miaka, yaweza kubaki daima, na mara chache sana ngozi hiyo hushikwa na saratani.

Wanaume wana sababu nyingine ya kujihadhari. Mbegu za kiume hutengenezwa vyema mahali palipo na ubaridi kidogo kuliko mwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005, watafiti wa Stony Brook, New York, waliwapima wanaume 29 wenye afya. Baada ya saa moja ya kupakata laptopu, joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Kuketi tu na mapaja yakiwa yamebanwa pamoja kulilipandisha kwa nyuzi mbili hivi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba laptopu huleta utasa. Hata hivyo, kijana anayetarajia kuwa baba hana sababu ya kujaribu bahati yake.

MEZA, KITI NA VITABU

Laptopu ina kasoro moja ya maumbile: skrini na kibodi zimeungana. Ukiiweka chini ili mikono istarehe, shingo huinama. Ukiinua skrini ili shingo istarehe, mikono huning'inia hewani. Kwa kazi ya nusu saa si neno. Kwa mchezo wa saa nne, lazima kiungo kimoja kiumie.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Kikiwa wima, mifupa ya shingo hukibeba bila taabu. Kikiinama, kazi huangukia misuli. Daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo nchini Marekani alipiga hesabu mwaka wa 2014 na kukadiria kwamba kichwa kilichoinama nyuzi 60 huielemea shingo kwa mzigo wa takriban kilo 27. Huo ni uzito wa mtoto wa shule ya msingi aliyekalia mabega yako jioni nzima.

Tiba yake si dawa. Nunua kibodi na kipanya vya kuchomeka, ambavyo bei yake ni kidogo sana ukilinganisha na ya laptopu. Kisha fanya hivi:

• Weka laptopu juu ya meza ngumu. Iinue kwa vitabu vinene, kimoja kila upande, ili katikati pabaki wazi pa kupitisha hewa. Hakikisha haitikisiki.

• Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho yako au chini kidogo, na skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa.

• Weka kibodi na kipanya mahali ambapo viwiko vitakuwa kando ya mbavu, vikiwa vimekunjwa kama herufi L, na vifundo vya mikono vikiwa vimenyooka.

• Mgongo uegemee kiti, na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kwa mtoto mfupi, katoni ya laptopu ikijazwa magazeti ya zamani yaweza kuwa kibao cha kuwekea miguu.

Najua wasomaji wengi wa mijini huishi katika chumba kimoja, na kitanda ndicho kiti. Hata hapo, afadhali kuketi kwenye ukingo wa kitanda mbele ya meza ndogo iliyoinuliwa vya kutosha kuliko kulala kifudifudi na mashine mtoni.

Ikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unabanwa. Usingoje mpaka uanze kuangusha kikombe cha chai. Mwone daktari.

MACHO YANAYOSAHAU KUPEPESA

Mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi hiyo hupungua kwa nusu au zaidi. Machozi hukauka, na macho huwasha, huwa mekundu na kuona ukungu. Hali hii haipofushi, lakini humpa mtu maumivu ya kichwa na hasira za bure.

Unapoitayarisha mashine, punguza mwangaza wa skrini ulingane na wa chumba, na ukuze maandishi ili usilazimike kuinama kuyasoma. Usicheze gizani, wala usiruhusu dirisha kumulika skrini moja kwa moja. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita, kama vile mti au jengo la jirani, kwa sekunde 20.

Kwa watoto kuna jambo la ziada. Kutazama vitu vya karibu muda mrefu na kukaa ndani mchana kutwa huhusishwa na ugonjwa wa kutoona mbali. Tafiti za Asia Mashariki zimeonyesha kwamba watoto wanaoongezewa muda wa kucheza nje kwenye mwanga wa mchana hupatwa na ugonjwa huo kwa uchache. Mpira wa uwanjani bado una faida ambazo mpira wa kwenye skrini hauna.

MASIKIO HAYANA SPEA

Michezo mingi huchezwa kwa hedifoni, kukiwa na milio ya bunduki na kelele za wenzake mchezaji. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Kwa vile wengi hawana kipimo nyumbani, weka sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Kama anayesema nawe akiwa umbali wa mkono hulazimika kupaza sauti ndipo umsikie, umezidisha. Mlio masikioni baada ya mchezo ni onyo. Chembe za kusikia zikifa, hazioti tena.

DAMU INAPOTUAMA

Mwaka wa 2003, madaktari wa New Zealand waliandika kuhusu mwanamume wa miaka 32 aliyekuwa akiketi mbele ya kompyuta hadi saa 18 kwa siku. Damu iliganda katika mshipa wa mguu, bonge likasafiri hadi mapafuni, na nusura afe. Visa vya namna hii ni nadra kwa vijana, lakini hutokea.

Simama kila baada ya saa moja. Tembea, nyoosha miguu na unywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukishikwa ghafla na pumzi fupi na maumivu ya kifua, kimbilia hospitali bila kuchelewa.

MIMWEKO NA KIFAFA

Mnamo Desemba 16, 1997, watoto wapatao 685 nchini Japan walikimbizwa hospitalini baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na buluu. Baadhi yao walishikwa na kifafa. Ni watu wachache walio na udhaifu huu, na wengi wao ni watoto na vijana. Michezo mingi hutoa onyo mwanzoni, onyo ambalo wengi huliruka.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumdhuru, wala usimtie kijiko mdomoni. Mtetemeko ukizidi dakika tano, mpeleke hospitali. Kifafa si pepo, na povu lake haliambukizi mtu.

UMEME NA BETRI

Kama laptopu imetoka Marekani, soma kibandiko cha chaja. Ikiwa imeandikwa volti 100-240, itafanya kazi hapa Kenya. Lakini usidunge kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili kuingiza plagi ya pini mbili, kama wengi wafanyavyo. Nunua adapta inayofaa. Sehemu ya chini ikituna au kibodi ikiinuka, betri imevimba na yaweza kuwaka moto. Zima mashine, usiitoboe, na umpelekee fundi anayejua kazi yake.

MCHEZO UNAPOMTAWALA MCHEZAJI

Madhara haya yote huzidi kadiri saa zinavyoongezeka, na saa nyingi huibwa kutoka kwa usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji kulala saa nane hadi kumi. Mchezo wa usiku humfanya asinzie darasani, na mzazi hudhani mtoto amekuwa mvivu.

Tangu Januari 2022, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua maradhi ya kutawaliwa na michezo. Si kila mpenda michezo ni mgonjwa. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata baada ya kuona madhara, kama vile kufeli mitihani au kufutwa kazi. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12.

Mzazi, usisubiri hadi hapo. Siku ya kuifungua laptopu ndiyo siku ya kukubaliana kuhusu saa. Programu za kompyuta zina mahali pa kuweka umri wa mtoto na muda wa kucheza. Weka mpangilio huo mkiwa pamoja, si kwa siri. Chunguza pia nambari ya umri kwenye mchezo. Ule ulioandikwa 18 haukutengenezewa mtoto wa miaka kumi. Laptopu ikae sebuleni, na izimwe saa moja kabla ya kulala.

Usimpokonye mtoto mashine kwa ghadhabu. Mara nyingine anayejificha mchezoni anakimbia jambo fulani, kama vile kuonewa shuleni au ugomvi wa nyumbani. Muulize kwanza. Akizidi kujitenga, kukataa chakula au kusema maneno ya kukata tamaa, mlete hospitalini apate msaada wa daktari na mshauri.

Michezo ya kompyuta si dhambi, na wengi huicheza kwa miaka bila kudhurika. Anza na meza, kiti, vitabu vya kuinulia skrini na saa ya ukutani. Vikiwa tayari, washa mashine.