Kasa wa Bamburi, joto la mchanga na kuta za ploti

Yai la kasa likitagwa, ndani yake hamna dume wala jike. Jinsia huja baadaye, na anayeiamua ni mchanga. Kiota kikiwa na joto la nyuzi 29 hivi za Selsiasi, wanaoanguliwa huwa mchanganyiko. Mchanga ukipoa, madume huzidi. Ukipata moto, karibu wote huwa majike, na moto ukizidi mno mayai yanakuwa viza. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani na Australia waliripoti kwamba miongoni mwa kasa wachanga waliotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Hapo hata kuoana kunaweza kuwa shida.

Mbona basi kasa asihamie kwenye baridi? Huhama, ila polepole. Jike hurudi kutaga pande alikozaliwa, akiongozwa na usumaku wa dunia, na kasa wetu wa kijani huchukua miaka 20 au 30, pengine zaidi, kupevuka. Wanaopotea njia ndio wanaofungua fukwe mpya: huko Mediterania, kasa wa aina nyingine sasa wanataga Hispania na Italia, mahali ambapo zamani viota vilikuwa vya nadra.

Huku Kisauni, Mombasa, kuanzia Bamburi mpaka Shanzu, kuhama kwenyewe ni kwa hatua chache tu: bahari inapanda, na mama kasa anatafuta mchanga mkavu juu zaidi. Anajikokota usiku, anafika, anakuta ukuta wa ploti. Anageuka, anachimba kwa mapezi ya nyuma chini ya ukuta, anafukia mayai mia hivi na kwenda zake. Mayai yanahitaji miezi miwili hivi, na kabla haijatimia bamvua huwa limeshapiga hapo mara kadhaa. Ukuta nao hurudisha wimbi kwa nguvu likazidi kuula mchanga. Mikadi na mivinje iliyokuwa ikivipa viota kivuli imefyekwa ili mgeni aone bahari vizuri. Kwa maoni yangu, kwetu ukuta ni adui wa karibu kuliko jua.

Mwenye ploti ya ufukweni, jenga nyuma ya mikadi, usiing'oe, na uzime taa zinazotazama bahari, maana vitoto huzifuata wakidhani ni maji. Ukikuta kiota, usikifukue; waite Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa pamoja na mayai yake.