Ukivuka Tunduma, usiizime namba ya nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri Makambako bado ni giza, na baridi ya hapa haijui mgeni wala mwenyeji. Malori yaliyolala kando ya barabara kuu ya Zambia yanawashwa moja moja. Utingo mmoja, koti limefungwa hadi kidevuni, amechuchumaa kwenye mwanga wa taa ya mbele, anafungua kipande cha nailoni taratibu kama anayefungua dawa. Ndani mna laini mbili za simu, kila moja imeviringishwa kwenye kikaratasi. Kimoja kimeandikwa ZM, cha Zambia, kingine CD, cha Kongo.

"Hii ni ya kuanzia Nakonde mpaka Kasumbalesa," ananiambia. "Hii ya Lubumbashi. Ya nyumbani imo kwenye simu. Hiyo haitoki."

Hiyo haitoki. Maneno hayo mawili ndiyo makala yangu ya leo.

Kijana huyu ni wa Mahongole, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Makambako ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita hapa hapa. Mtoto wa huku hukua akihesabu magari yanayokwenda nchi za watu. Si ajabu akikua naye akapanda.

Kutoka manamba hadi namba

Safari za vijana wa Njombe hazikuanza jana. Enzi za ukoloni Njombe ilitoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge. Kuanzia miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowakusanya na kuwapeleka Tanga, Morogoro na kwingineko. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Wengine walivuka kwenda kusini, hadi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Aliyeondoka siku zile alikuwa ameondoka. Habari zake zililetwa na barua, kama alijua kuandika au alipata wa kumwandikia, ama zililetwa na mwenzake aliyemaliza mkataba mapema. Babu alisafiri na namba aliyopewa na tajiri. Mjukuu anasafiri na namba aliyoinunua mwenyewe, na hii, tofauti na ile, inaita nyumbani.

Kupokea nako kunalipiwa

Anayevuka mpaka na laini ya Tanzania ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha laini ileile ishike minara ya nchi aliyofika, huduma ambayo watu wa mitandao huiita romingi. Ya pili ni kununua laini ya huko, ya kulipia kabla, na kuiwekea vocha ya huko.

Njia ya kwanza haina usumbufu, lakini ni ghali. Mtandao wa Zambia unaokubebea simu unaidai kampuni yako ya Tanzania, na kampuni yako inakudai wewe, kila mmoja akiwa ameshaweka cha juu. Tena unalipia hata kupokea, na hilo wengi hawalijui. Mama akikupigia kutoka Mahongole, anakatwa kama anayepiga ndani ya nchi, maana namba yako bado ni ya Tanzania. Kipande kilichobaki, cha kutoka Tanzania hadi ulipo, anakilipa nani? Wewe. Ndiyo sababu msafiri hukuta salio limekwisha na hakupiga hata mara moja. Kwa laini ya kulipia kabla hutadaiwa. Utakatikiwa tu, tena pale mama anapofika kwenye jambo lenyewe.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Tanzania alishuka Nairobi au Kampala akapiga kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, akakwangua vocha ya huko na kuiingiza kwenye laini yake ya nyumbani. Umoja wa Ulaya, pamoja na utajiri wake, ulifuta gharama za ziada za namna hiyo Juni 15, 2017, zaidi ya miaka kumi baadaye. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na biashara ikabadilika. Nchi za Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana kushusha gharama hizo mwishoni mwa 2014, Tanzania haikuwa katika kundi hilo la kwanza. Na hata ingekuwamo, dereva wa Makambako haelekei Nairobi. Anaelekea Zambia, ambayo haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Pale mpakani kuna mtego mwingine. Tunduma ya kwetu na Nakonde ya Zambia ni kama mji mmoja uliopitiwa na mstari, na mnara haujui geti. Uko Tunduma unakunywa chai, simu inadaka mnara wa Nakonde, ujumbe unaingia kukukaribisha Zambia, nawe hata pasipoti hujagonga. Wazoefu huingia kwenye mipangilio ya simu wakachagua mtandao wenyewe, badala ya kuiacha simu ijichagulie.

Laini ya mtu nisiyemjua

Safari yangu ya kwanza ng'ambo ya mpaka nilinunua laini kwa kijana aliyekuwa akizitembeza mkononi. "Imeshasajiliwa, kaka, weka vocha tu." Nikafurahi kukwepa foleni. Nikaweka vocha, nikapiga nyumbani, nikawagawia ndugu na marafiki namba mpya. Siku ya tatu laini ikanyamaza. Dukani, dada wa kaunta akaniuliza jina la mwenye laini. Sikulijua. Salio lilikuwa langu, laini ya mtu mwingine, na kama kuna aliyekuwa ameitumia kutapeli kabla yangu, atakayekutwa nayo mfukoni ni mimi.

Sisi Watanzania tulipaswa kulijua hili mapema. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza hapa Mei 1, 2019, mwisho wake ukasogezwa mbele hadi Januari 20, 2020, na foleni za kutafuta kitambulisho cha NIDA siku zile hazijasahaulika. Mgeni anayekuja kwetu husajili kwa pasipoti yake. Huko uendako nako, iwe Zambia, Kenya au kwingine, utatakiwa kujulikana wewe ni nani. Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe na hati yako ya kusafiria. Kama umevuka kwa hati ya dharura, uliza kwanza kama wanaipokea kabla hujatoa hela.

Zambia utakuta MTN, Airtel na Zamtel. Kongo kuna Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Jina la nyumbani lisikudanganye: usidhani vocha ya Airtel ya Lusaka itaingia kwenye laini ya Airtel uliyosajili Makambako. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu. Kifurushi kinaisha lini? Kinapiga nje ya nchi au ndani tu? Laini isipotumika, inafungwa baada ya muda gani? Swali la pili ndilo linaloliza wengi. Mtu ananunua dakika mia, anapiga Mahongole, anaambiwa salio halitoshi, kwa kuwa dakika zile zilikuwa za kupiga ndani ya nchi.

Ndipo watu wanapokimbilia bando la intaneti na kupiga kwa WhatsApp. Ni nafuu, lakini mama ana kitochi. Basi mtoto wa dada mwenye simu janja hutumwa mbio hadi shambani, simu mkononi, mama afute mikono kwenye kitenge ndipo aipokee.

Na WhatsApp yenyewe haifunguki kila mahali. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou huikuta imezuiwa kwenye laini za China, na hapo laini ya nyumbani, pamoja na ughali wake, huwafaa, kwa kuwa intaneti yake hupitia mtandao wa nyumbani. Dubai ujumbe wa WhatsApp unakwenda, lakini kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa.

Kuna kosa jingine dogo linalosumbua kuliko yote. Namba nyingi kwenye simu zetu zimehifadhiwa zikianza na sifuri. Ukiwa na laini ya Zambia, sifuri hiyo ni ya Zambia. Ukiigusa namba ya mama, mashine inajibu namba haipo, ama anapokea mtu baki anayeongea Kibemba. Kabla ya safari kaa chini, ondoa sifuri, weka +255. Kwenye simu janja bonyeza sifuri na kuishikilia mpaka alama ya kujumlisha ije. Kwenye kitochi, mara nyingi ni nyota mara mbili. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na namba za +255 zinapiga vilevile hata ukiwa nyumbani.

Pochi iliyobaki kwenye droo

Zamani laini ilikuwa ya maneno. Ukiitoa, ulichopoteza ni mazungumzo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, laini ikawa pochi. Leo akiba ya mtu imo humo, mikopo imo humo, na benki inapotaka kujua kama kweli ni wewe, hutuma tarakimu za siri kwenye namba hiyohiyo. Ukiitoa na kuiacha kwenye droo nyumbani, benki itatuma tarakimu zake kwenye droo.

Kwa hiyo laini mbili, simu moja. Simu za Tecno na Itel zilizojaa madukani kwetu zina nafasi mbili, na kwa msafiri hiyo ni neema. Ya nyumbani ikae nafasi ya kwanza, intaneti yake imezimwa; ya ugenini ikae ya pili, ndiyo ipige na kuperuzi. Huduma ya kuitumia laini ya nyumbani nje ya nchi iwashe ungali nyumbani, maana ng'ambo utahangaika kumpata mhudumu. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukatwi, lakini uliza mtandao wako. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa. Itaendelea na ile ya zamani. Na usikae miezi bila kuigusa laini ya nyumbani, kwa sababu isiyotumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine.

Simu iliyoingia Mahongole

Yule utingo ana sababu yake ya kusema haitoki. Mwaka juzi, akiwa Zambia, mama yake alipigiwa na namba ngeni. Sauti ikasema: "Mama, mimi mwanao. Nimeibiwa simu. Nitumie laki moja kwenye namba hii, ya rafiki yangu." Nani katika nchi hii hajapata ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mama akauliza swali moja tu: "Ng'ombe wetu wa pembe moja tunamwitaje?" Simu ikakatwa.

Tulicheka. Kisha akaniambia upande wa pili wa kisa. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alipiga kutoka Kapiri Mposhi kwa laini mpya ya Zambia, mara tano, na mama hakupokea. "Namba za ajabu mimi sipokei," alimwambia aliporudi. Tahadhari iliyookoa laki moja ndiyo iliyomfungia mwanawe mlango.

Sasa wana utaratibu. Lori likisimama Tunduma, kijana anapiga kwa namba ya nyumbani: "Kamwene, mama. Kuanzia leo jioni nitapiga kwa ile inayoanza na 260. Mwisho wake ni nne-nne." Mama anairudia kwa sauti, kisha anamwita mjukuu aiandike ukutani kwa mkaa, kando ya mlango wa jiko.

Wewe unayejiandaa kusafiri, iwe kwa lori, kwa treni au kwa ndege, nunua laini ya huko kwa jina lako na hati yako, hifadhi namba zako kwa +255, na ya nyumbani isitoke. Ukipata ujumbe wa kitapeli, uripoti bure kwenda 15040, na kabla ya safari piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha, kabla hujavuka, mpigie mama umtajie namba utakayotumia. Usikate kabla hajairudia. Mngoje aitaje yote, tarakimu kwa tarakimu.